Kuingia mara moja kwenye programu tatu za seva moja

Swali: Salaam aleikum wakuu. Nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu, ina programu tatu za PHP kwenye seva moja: vyumba, boti na malipo, kila moja na kikoa chake kidogo. Mtu wa mapokezi akiingia kwenye vyumba, boti inamdai nenosiri tena. Nifanyeje?

Jibu 1: Waaleikum salaam. Kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP, session.cookie_domain (kikoa cha kidakuzi, yaani cookie, data ndogo inayokaa kwenye kivinjari) iwe kikoa kikuu chenu, session.name (jina la kidakuzi) na session.save_path (mahali sesheni, kumbukumbu za walioingia, zinapohifadhiwa) zifanane kote. Usiweke co.ke peke yake, ambayo ni ya wote, kivinjari kitakikataa kidakuzi hicho. Kisha futa vidakuzi vya zamani: vikibaki viwili vya jina moja, vyote hutumwa na utahangaika bure.

Jibu 2: Sawa, lakini hapo zote zinaandika kwenye sesheni moja. Vyumba ikihifadhi user_id 7, na boti ina jedwali lake la watumiaji, huyo 7 ni mtu mwingine kabisa! Unganisha jedwali kwanza. Mimi ningemwachia Nginx (seva ya wavuti inayopokea maombi) mlango: agizo lake auth_request liulize programu moja kama mtu ameingia, ikijibu 200 (sawa) apite, 401 (hajaingia) arudishwe kuingia. Jina la aliyeingia lipitishe kwa PHP kwa fastcgi_param REMOTE_USER, kamwe si kwa kichwa cha ombi (header) kinachotoka kwenye kivinjari. Hicho yeyote hukibuni.

Muulizaji: Ahsante ndugu. Na kutoka (logout) je?

Jibu 2: Ifute sesheni kwenye seva yenyewe, si kidakuzi pekee. HTTPS kote, pamoja na alama za kidakuzi Secure (kitumwe kwa HTTPS tu) na HttpOnly (JavaScript isikisome). SameSite=Lax, inayozuia kidakuzi kwenye maombi mengi yanayotoka tovuti nyingine, yatosha.