Utatu ulivyoingia nyumbani kwetu: tupeane uzoefu, hasa sisi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Rungwe

Habari za jioni wapendwa. Naandika nikiwa Uyole, mvua imepiga toka saa nane na umeme umekatika, nikaona niliseme hili ambalo limenikaa moyoni toka Disemba.

Sisi kwetu ni Wamoravian toka enzi za babu. Kanisa letu liliingia Rungwe mwaka 1891, kwahiyo kijijini kwetu mtu hakuulizi dini, anakuuliza usharika. Sasa mdogo wangu wa kiume alishuka mjini kutafuta maisha, akapata kazi gereji, huko huko akaokoka kwenye kanisa moja (silitaji jina) wanaobatiza kwa jina la Yesu pekee na wanaofundisha kwamba Utatu (Mungu mmoja katika nafsi tatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu) ni mafundisho ya wanadamu. Wakambatiza upya mtoni. Krismasi akaja nyumbani, mama akaombea chakula kama anavyoomba siku zote, akamaliza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, wote tukaitika amina isipokuwa dogo. Kimya. Mama akauliza mwanangu vipi, ndo dogo akamwambia mama ule ubatizo ulionipeleka nikiwa mtoto haukuwa ubatizo.

Mama hakumjibu kwa aya yoyote. Alisema tu, "Siku ile nilikubeba mgongoni kwenye matope toka nyumbani mpaka kanisani." Akanyanyuka akaenda jikoni.

Mimi nilichemka. Nikamtolea Mathayo 28:19 (kubatiza kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu), akanirudishia Matendo 2:38 (kubatizwa kwa jina la Yesu Kristo), nikampa Yohana 1:1 (Neno alikuwa Mungu) akanipa Kumbukumbu la Torati 6:4 (Bwana ni mmoja), tukaenda hivo mpaka saa sita usiku na wala hakuna aliyemsikia mwenzake. Kesho yake nikiwa nakata majani ya ng'ombe ndo nikaona kitu ambacho kinaniuma hadi leo. Mimi usiku mzima nilikua nabishana na mtu anayemkana Baba, yeye alikua anabishana na mtu anayeabudu miungu watatu, na wale watu wawili hawakuwepo pale mezani kabisa. Dogo hamkani Baba. Na mimi siabudu watatu.

Ndo maana nimefungua uzi huu. Naomba tusirushiane aya tupu, aya ije na kisa chake. Ilikukuta wapi, ulijibu nini, na baada ya pale nini kilibadilika au hakikubadilika.

MDAU WA NJOMBE
Kamwene. Mimi ni mama, nafundisha watoto wa Jumapili kwenye usharika wa Kilutheri mwaka wa kumi na mbili huu. Kwa miaka yote hiyo nilikua na mfano wangu nilioupenda sana, maji. Huku kwetu mwezi wa sita asubuhi unakuta barafu kwenye majani ya viazi, kwahiyo nilikua nawatoa nje nawaonesha, haya maji, hii barafu, na ule mvuke kwenye birika, kitu kimoja namna tatu, basi na Mungu ndo hivo. Watoto wanaelewa haraka mno, nafurahi.

Siku moja mchungaji mgeni alikaa nyuma akasikiliza. Baadae akaniita pembeni kwa upole kabisa, akaniambia mama, huo mfano ni fundisho la Sabelio, mwalimu mmoja wa zamani, lilikataliwa na kanisa tangu karne ya 3. Maana maji yale yale yakiwa barafu si mvuke kwa wakati huo, ni kitu kimoja kinabadilisha sura, na kanisa halisemi Mungu alikua Baba halafu akageuka Mwana halafu akageuka Roho. Nilishtuka sana. Miaka yote hiyo nilikua nawafundisha watoto wa Kilutheri lile lile ambalo nikilisikia toka kwa majirani wa Yesu pekee nawaita wapotofu!

Nikajaribu mafiga. Mafiga matatu, chungu kimoja, nani hajui. Mtoto wa darasa la tatu akauliza, "Kwahiyo mwalimu, Yesu peke yake hawezi kubeba chungu?" Nikakosa cha kusema, maana ni kweli, figa moja ni kipande tu cha jiko, na sisi tunasema Mwana ni Mungu kamili, hatusemi ni theluthi ya Mungu.

Sasa hivi nimeacha mifano. Nawasomea Mathayo 3, Yesu yuko majini Yordani, Roho anashuka kama njiwa, sauti inatoka mbinguni, nawaacha waangalie wenyewe.

MDAU WA MAKAMBAKO
Mimi ni wa upande wa mdogo wako, kwahiyo niseme kutokea ndani. Watu wanatuita "Yesu Tu" kama tusi ila mimi halinisumbui. Sisi tunaamini Mungu ni mmoja asiyegawanyika, na huyo huyo alidhihirishwa katika mwili. Baba, Mwana, Roho, kwetu hayo ni namna anavyojifunua, na jina lake ni Yesu. Mathayo 28 inasema "kwa jina", haisemi majina, na mitume walioisikia ile amri kwa masikio yao ukiwafuata kwenye Matendo 2, 8, 10 na 19 wanabatiza kwa jina la Yesu. Hilo kwangu ni zito, na sijapata Mmoravian wala Mlutheri aliyenijibu nikatosheka.

Ila uzi unataka ukweli. Hapo mwanzo nilikua nawaambia watu fundisho letu limekuwepo vile vile bila kukatika tangu mitume. Baadae nikajisomea, nikakuta hili vuguvugu letu la kipentekoste lilianzia Marekani kwenye mkutano wa kambi karibu na Los Angeles mwaka 1913, na mwaka 1916 kanisa la kipentekoste la Assemblies of God wakagawanyika kwa ajili yake, wa kwetu wakatoka. Haikunitoa kwenye imani yangu maana naipima kwa Maandiko, lakini yale maneno ya "bila kukatika" nimeacha kuyasema.

Na hiyo Yordani ya mama wa Njombe inanisumbua. Naijua majibu yake, nimeshayafundisha mara nyingi tu, kwamba Mungu yuko kila mahali kwahiyo anaweza kusema toka mbinguni akiwa katika mwili majini. Bado nikiisoma peke yangu usiku inanisumbua.

MDAU WA TUKUYU
Ndaga fijo kwa uzi. Yangu ni ya jirani yangu, ni Shahidi wa Yehova, mashamba yetu ya chai yamepakana. Miaka miwili tumebishana Utatu, na mara nyingi ni kwenye foleni ya kituo cha kupimia majani maana pale unasubiri masaa. Alianza na Yohana 1:1. Biblia yetu inasema "naye Neno alikuwa Mungu", ya kwake inaandika mungu kwa herufi ndogo. Akanieleza kwamba kwenye Kigiriki pale hakuna kile kineno kinachotangulia jina la Mungu, ndo maana wakaweka hivo. Nikajiona sina elimu, nikanyamaza wiki nzima.

Halafu nikamuuliza mwalimu mmoja aliyesoma chuo cha Biblia, akanionesha kwamba mstari wa 6, wa 12, wa 13 na wa 18 wa sura hiyo hiyo kile kineno pia hakipo, na bado Biblia ya jirani inaandika Mungu kwa herufi kubwa. Nikarudi nacho mbio. Jirani akakiri ni swali zuri, akasema lazima uangalie na muktadha, halafu akanipa Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", na Marko 13:32 ambapo Mwana haijui siku ile. Mimi nikampa Yohana 20:28, Tomaso anamwambia "Bwana wangu na Mungu wangu" na Yesu hamkemei. Hapo tumekwama mpaka leo.

Kilichobadilika ni kwamba Biblia sasa naisoma. Kabla yake nilikua naibeba. Na mke wangu alipolazwa ni yeye aliyekua ananichumia chai yangu na kuipeleka kituoni pamoja na ya kwake, hakuwahi kulitaja hilo kwenye ubishi wetu hata siku moja.

MDAU WA MWANJELWA
Yangu fupi. Mume wangu ni Mwislamu, mimi Mkatoliki. Nimekulia kipindi mihadhara ya viwanjani imepamba moto, watu wanapandishwa jukwaani na Biblia na Kurani mada ikiwa Yesu ni Mungu au si Mungu, na jioni watu wanarudi mitaani hawasalimiani. Kwahiyo siku ya ndoa tulikubaliana hiyo mada haitaletwa sebuleni. Sasa binti ana miaka tisa, kauliza kwanini mama anajipiga ishara ya msalaba na kutaja watatu wakati baba anasema Mungu hana mwana. Mume wangu akaniangalia akasema, "Mjibu wewe, ni imani yako, useme unavyoamini kweli." Nikasema. Alisikiliza mpaka mwisho. Sijui nilisema vizuri au vibaya ila nilitetemeka kuliko siku ya kipaimara.

MDAU WA IRINGA, KIHESA
Mi niliingia kwenye hili kupitia klipu. Nikiwa chuo zilikua zinasambazwa sana, kwamba Utatu uliundwa na mfalme Konstantino kwenye mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea mwaka 325. Nikaamini kabisa, nikawa nawasumbua wenzangu wa bwenini. Jamaa mmoja Mkatoliki aliyetokea Tosamaganga akaniambia kasome kwanza halafu uje. Nikaenda maktaba kwa hasira.

Nilichokuta. Ugomvi ulianzia Aleksandria, Misri, padri mmoja anaitwa Ario akafundisha kwamba Mwana aliumbwa, kwamba kuna wakati hakuwepo. Nikea wakamkatalia, na yale maneno Wakatoliki wanayosema kila Jumapili, "aliyezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba", yanamjibu yeye. Lakini kumhusu Roho Mtakatifu, kanuni ya imani ya 325 inasema tu kwamba tunamwamini, basi. Maelezo juu ya Roho yalikuja Konstantinopoli mwaka 381, na Konstantino alishakufa tangu 337. Na huyo Konstantino alibatizwa karibu na kufa na askofu Eusebio wa Nikomedia, ambaye alikua rafiki wa Ario! Mwanae Konstansio alipotawala akawabana watu wa Nikea, na Athanasio, askofu wa Aleksandria aliyeitetea Nikea, kwa jumla chini ya wafalme mbalimbali alifukuzwa kwenye uaskofu wake mara tano. Sasa kama ni mfalme ndo aliyeutunga Utatu mbona nyumba yake mwenyewe iliwapa nguvu wapinzani? Na neno lenyewe lilikuwepo kabla, Theofilo wa Antiokia aliandika kwa Kigiriki kama mwaka 180 hivi, na Tertuliano wa Karthago kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 3.

Ila na mchungaji wangu alinidanganya bila kujua, maana alisema maaskofu walikubaliana Nikea ikaisha. Haikuisha. Ilichukua zaidi ya miaka 50 ya kufukuzana.

MDAU WA MAFINGA
Mbona hakuna aliyeitaja 1 Yohana 5:7? "Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, na watatu hawa ni umoja." Si inamaliza kila kitu?

MDAU WA IRINGA, KIHESA
Kaka, mimi naamini Utatu ila hiyo usiibebe. Hayo maneno hayapo kwenye nakala za zamani za Kigiriki. Msomi mmoja anaitwa Erasmo alipochapisha Agano Jipya la Kigiriki mwaka 1516 na 1519 hakuyaweka, aliyaingiza 1522 baada ya kelele nyingi. Ukiisimamia hiyo na mtu anajua, hata hoja zako nzuri hatazisikiliza tena.

MDAU WA RUNGWE, MWALIMU
Shikamooni wakubwa. Nafundisha Kiswahili sekondari. Mimi lilinijia darasani, ubaoni kabisa, nikifundisha nafsi. Nafsi ya kwanza mimi, ya pili wewe, ya tatu yeye. Nikasimama na chaki mkononi. Maana miaka yote nikisikia "Mungu mmoja nafsi tatu" nilikua nawaza roho tatu, au watu watatu wamekaa, kwa sababu nafsi kwenye Biblia mara nyingi ni uhai wa mtu. Lakini nafsi pia ni yule anayeweza kusema mimi, akaambiwa wewe, akatajwa yeye. Nikaenda Yohana 14:16, "Nami nitamwomba Baba, naye atawapa Msaidizi mwingine". Anayesema, anayeombwa, anayetajwa, na hakuna hata mmoja anayechukua nafasi ya mwenzake kwenye sentensi.

Na Yohana 10:30 Kiswahili chetu kimeilinda vizuri sana, "Mimi na Baba tu umoja". Hiyo "tu" ni sisi, wingi. Hakusema mimi ndiye Baba. Ila pia hakusema tu wawili tunaopatana. Nililia siku ile ofisini, sioni aibu kusema.

MDAU WA MAKAMBAKO
Mwalimu, sisi tunasema pale ni ubinadamu wake unaomwomba Mungu. Ila hiyo ya "tu" sijawahi kuiona. Naenda kukaa nayo.

MIMI MWENYE UZI
Nimesoma yote, mengine nimemsomea mama kwa tochi ya simu. Ile ya Njombe ameirudia mara mbili, anasema na yeye alifundishwa kwa mafiga.

Jana nilimpigia dogo. Nikamwambia nieleze unavyoamini na mimi sitakukatiza, na kweli sikukatiza, aliongea mpaka dakika zikaisha nikaunga tena. Mwisho akauliza, "Kwahiyo kaka, mkisema nafsi tatu hamsemi Miungu watatu?" Nikamwambia hatusemi, hatujawahi kusema. Akakaa kimya, akasema kule hajawahi kuambiwa hivo. Nami nikamwambia sikujua kama ninyi mnamwomba Baba. Hatujakubaliana, suala la ubatizo ndo kabisa hatujaligusa, nitampa hiyo ya mwalimu akija.

Anakuja Pasaka. Mama ameniuliza siku hiyo nani ataomba chakula. Nimemwambia aombe yeye, kama anavyoomba siku zote.