Mjadala: Je, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki) na askari wasaidizi wa Roma walikuwa kitu kimoja?

Wadau, kuna hoja inayorudiwa kila mara: kwamba Mwingereza hakuleta jipya, aliwatumia Wahindi na Waafrika kulinda himaya yake kama Roma ilivyowatumia Wagaul na Wabatavi, watu wa Ulaya iliowatawala. Mimi naikataa.

Askari msaidizi wa Roma, yaani mtawaliwa asiye raia, alitumikia miaka 25. Tangu enzi za Kaisari Claudius, akimaliza alipata uraia wa Roma, na kwa muda mrefu hata watoto wake waliupata. Alikabidhiwa hati iliyochorwa kwenye vibamba viwili vya shaba vilivyofungwa pamoja, yenye jina lake, kikosi chake na majina ya wanawe. Vibamba hivyo vinafukuliwa Ulaya mpaka leo. Mwanawe aliweza kuingia lejioni, jeshi la raia wenyewe.

Sasa mtazameni askari wa KAR, jeshi lililoundwa 1902. Alipigana na Waitaliano Ethiopia 1941, akavushwa bahari hadi Burma, na 1944 akasonga kwenye bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa, matope na malaria. Aliporudi alikuwa mtawaliwa yule yule aliyeondoka, labda na medali kifuani. Tanganyika ilipopata uhuru 1961, maofisa wengi wa jeshi lake walikuwa bado Waingereza. Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara bora na maofisa hao waondoke. Na sijawagusa wapagazi wa Vita vya Kwanza, waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, wengi bila kaburi lenye jina.

Mtasema Roma nayo ilikuwa katili. Kweli. Wabatavi waliasi mwaka 69 BK baada ya vijana wao kukamatwa kwa nguvu waingizwe jeshini, na kiongozi wao, Julius Civilis, alikuwa ameitumikia Roma miaka mingi. Mwingereza naye, baada ya maasi ya askari wake wa Kihindi ya 1857, aliwanyang'anya Wahindi karibu mizinga yote. Kwa kumwogopa askari wao wenyewe, hapo walifanana kabisa.

Hoja nzito dhidi yangu ni hii: uraia wa Roma ulimmeza aliyepewa. Kigaul kilikufa. Sisi tuliobaguliwa tulibaki na lugha zetu, tukadai nchi zetu. Hata hivyo sioni kwa nini ubaguzi upewe sifa kwa kazi iliyofanywa na waliobaguliwa. Anayeona tofauti alete hoja, na aanze na huyo askari wa Kabaw: alilipwa nini?