Walimu, mnamchambua Maurice Sendak kwa kopi za saiba?

Jamani, huu uchambuzi unaozungushwa kwenye magrupu ya walimu wa chekechea, Kisumu hadi Kakamega, umezidi. Eti Where the Wild Things Are, kitabu cha picha cha watoto alichokiandika na kukichora Mmarekani Maurice Sendak, ni kitabu chepesi, eti mtoto anamjibu mamake na hakuna funzo. Mmekisomea wapi? Kwenye PDF ya simu, au kopi nyeusi ya saiba, duka la kompyuta na fotokopi. Hayo ni makapi.

Kitabu kizima kina maneno 338. Kilitoka 1963, na 1964 kikapata Nishani ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya wachoraji wa vitabu vya watoto. Wachoraji! Sasa wewe unahesabu maneno ndipo upime uzito wake?

Tazameni ukubwa wa picha. Max, yule mtoto wa hadithi, akianza utundu, picha ni ndogo, imezungukwa na ukingo mpana mweupe. Kadiri unavyofunua, inatanuka. Chumba kinaota miti hadi picha inajaza ukurasa, kisha inavuka mkunjo wa katikati. Max akisafiri hadi kwa mazimwi, nayo yakianza kucheza, maneno yanafukuzwa kabisa: unafunua mara tatu, kurasa mbili kwa mbili, picha tupu. Hasira ya mtoto imemeza nafasi yote. Simu inakata picha hizo za kurasa mbili vipande viwili, nawe unaona nusu zimwi, unaandika “michoro haieleweki”. Kopi nayo? Sendak alitia vivuli kwa mistari myembamba inayopishana. Mashine inaifanya doa jeusi.

Kuhusu adabu, Max anapelekwa kulala njaa papo hapo. Mlitaka viboko? Mama mwenyewe hachorwi popote. Chakula kinamngoja Max chumbani, na ukurasa wa mwisho hauna picha, una maneno matano tu ya kusema bado ni moto. Halafu mwezi: dirishani mwanzoni ni mchanga, akirudi ni mpevu. Mtoto wa PP1, chekechea mwaka wa kwanza, huliona hilo kabla ya mwalimu wake.

Wala si ujinga mpya. Mwaka 1969 mwanasaikolojia Bruno Bettelheim alikishambulia katika Ladies' Home Journal bila kukisoma, kwa kusimuliwa na akina mama.

Lawama ya haki ipo. Sentensi moja hutambaa kurasa kadhaa, na mtoto wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, anayejifunza Kiingereza hupotea njiani. Hapo kosoeni, nitawaunga mkono. Lakini kwanza shika nakala ya karatasi, ilaze wazi mezani, funika maneno upitie picha zote, ndipo usome kwa sauti.

NYONGEZA: Aliyeuliza habari ya nakala moja kwa darasa la watoto arobaini, gawa makundi ya watoto kumi, wakae nusu duara. Shika kitabu kwa chini, pale kwenye mkunjo, kidole kisizibe picha. Zile kurasa zisizo na maneno usizisimulie; nyamaza, wao waseme, kisha ufunue.