Mrejesho: onyo la marejeo yaliyokatika

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna programu yangu ya kuandikia imwonye mtu kwamba "tazama Jedwali la 4" inaelekeza kwenye jedwali lililofutwa, bila kumkatiza anapochapa. Asanteni sana.

Dirisha ibukizi, lile linalojitokeza ghafla juu ya maandishi, nimelitupa. Mliosema mstari wa mawimbi chini ya rejeo mlikuwa sahihi, ila siku ya kwanza ulinitia aibu: mtu akikata sura ili aibandike kwingine, marejeo yote yanayoelekeza kwenye sura hiyo yanawaka mekundu papo hapo, ilhali hajakosea kitu! Sasa ukaguzi unasubiri sekunde 2 baada ya herufi ya mwisho, na kilichokatwa hakihesabiwi kuwa kimefutwa hadi faili lifungwe kabla hakijabandikwa. Pembeni chini kuna idadi tu, "marejeo 3 yamekatika". Ukiibofya inakupeleka kwenye la kwanza. Kabla ya kuchapisha au kutoa PDF, hapo ndipo programu inauliza waziwazi.

Kilichogoma ni upande wa wasioona: kisoma skrini (programu inayowasomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini) hakitaji mstari ule kabisa. Kwa sasa wanategemea ile idadi, na bado nahangaika na tatizo hilo.