Mrejesho: Grifini na vampaya, nani mbabe?

Wakuu, niliuliza kwenye gemu ya kompyuta ya Heroes of Might and Magic III nani mkali, grifini (nusu tai, nusu simba) au vampaya (mfu mnyonya damu), wote wakiwa wameboreshwa. Umeme uliporudi hapa Soweto, Moshi, nikaingia uwanjani na dogo wa jirani, mimi grifini, yeye vampaya.

Grifini sifa yake ni kujibu kila shambulio bila kikomo. Ukimzingira ndo umejimaliza. Sasa vampaya akipiga hajibiwi kabisa! Sifa yote kwisha habari. Tena ananyonya damu, waliokufa kundini wanafufuka, na uhai wake 40, grifini 25. Kasi wote 9.

Mliosema nimpelekee vampaya golemu (sanamu linalotembea), asanteni. Golemu hana damu ya kunyonywa. Vampaya kang'ata weee, kundi lake likazidi kupungua. Dogo kanuna, anataka marudiano.