Paneli ya Kichina, paneli ya Ulaya, bosi anataka rangi zetu: ning'oe nyaya zote?

Fundi_Alizeti:
Wakuu salaam. Niko Singida, kiwanda cha kukamua alizeti. Umeme wa jengo ni wa zamani: fezi (nyaya za moto) nyekundu, njano, buluu, nyutro (waya wa kurudi) nyeusi. Kinu kimetoka China, fezi zake ni njano, kijani na nyekundu. Ila mashine ya kujaza chupa, mtumba wa Ulaya, ndiyo inanichanganya kabisa: nyaya nyeusi zimejaa, kuna nyekundu, buluu, na mbili za rangi ya chungwa. Bosi anataka ning'oe zote niweke "rangi zetu" kabla mkaguzi hajafika. Mnasemaje?

Mzee wa Kontakta:
Using'oe kitu, kijana. Hizo "rangi zetu" tulizirithi kwa Waingereza, na wenyewe walishaziacha. Tangu Aprili 2006 kazi mpya kwao ni kahawia, nyeusi, kijivu, na nyutro buluu. Yaani nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi, na buluu iliyokuwa fezi ndiyo nyutro. Ukibadilisha rangi za mashine nzima kwa kukariri, utamwachia mwenzako mtego.

Ndani ya mashine kinachofuatwa ni IEC 60204-1, kiwango cha kimataifa cha umeme wa mashine. Nyeusi ni nguvu ya kwenda kwenye mota, nyekundu ni kontroli (nyaya za kuamuru mashine) ya AC, buluu iliyokolea ni kontroli ya DC, mara nyingi volti 24. Tena rangi hizo ni pendekezo. Ncha zikiwa na namba zinazolingana na mchoro, umemaliza. Kisicho na mjadala ni kijani-njano: erthi, basi. Fundi aliyeitumia kama fezi mfukuze.

Za chungwa ziheshimu. Hizo hazikatwi na swichi kuu ya mashine: pengine taa ya paneli, pengine ishara kutoka mashine jirani. Umezima, umepiga kufuli, tesita inawaka. Tafuta zinalishwa wapi, kisha bandika onyo mlangoni.

Kwenye kinu vika slivu (vipande vya plastiki vyenye alama) za L1, L2, L3, yaani fezi ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila ncha. Ile kijani tupu ndiyo mbaya, maana majengo ya zamani yaliitumia kama erthi.

Fundi_Alizeti:
Shikamoo mzee, nimefuatilia. Chungwa zinatoka kwenye paneli ya konveya. Sasa nikiunga nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, buluu kwa kijani, kinu hakitazunguka kinyume?

Mzee wa Kontakta:
Marahaba. Kwa bahati, hapana. Nyekundu yako ni L1, kwa Wachina ni L3. Njano yako L2 inaingia L1. Buluu yako L3 inaingia L2. Mfuatano wa fezi ni uleule, basi mota haigeuki. Lakini hiyo ni kama kebo ya jengo haijachezewa, na jengo la zamani sitaliamini kwa macho. Pima mzunguko wa fezi kwenye kebo inayoingia, kisha itenganishe mota na skrubu ya kukamulia, uijaribu ikiwa peke yake.