Mrejesho: yale mawe yangu ya akiki yaliyogoma kung'aa

Habari wakuu. Mtakumbuka nilileta shida yangu, nipo Mwanza huku Igoma, nasaga akiki (jiwe gumu la vito) nitengeneze hereni na pete ila jiwe linabaki na ukungu kama kioo cha daladala asubuhi, na mengine yanapasuka.

Asanteni sana aisee. Aliyesema naruka hatua za msasa ndo alipatia, mi nilikuwa natoka msasa namba 220, ule wa kukwaruza sana, naenda 1200, ule laini, moja kwa moja nikijua nabana matumizi, kumbe mikwaruzo ya ule wa mwanzo inabaki palepale. Sasa nafuata 220, 400, 600, 1200, kila nikibadili naosha jiwe na mikono, alafu nalikausha kwanza ndo nalitazama juani maana likiwa limelowa linakudanganya kwamba limeng'aa. Mwisho nalisugua kwa kipande cha ngozi na unga wa kung'arishia, seriamu oksidi. Weeh, limetoka kama limepakwa mafuta!

Maji nayo naachia muda wote, jiwe halichemki na vumbi halipandi, ila barakoa bado navaa, lile vumbi si la kuchezea kwa mapafu.

Kilichofeli: kati ya mawe sita mawili yamepasuka tena. Mliniambia nimulike na tochi nione nyufa kabla sijakata, nikajifanya mjuaji. Na kulibandika jiwe kwenye kijiti kwa nta, ili nilishike vizuri wakati wa kusaga, kumenishinda, linadondoka, natumia supaglu kisha naloweka kwenye asetoni (ile ya kutolea rangi ya kucha) linaachia lenyewe.

Pea ya kwanza ya hereni kaichukua shemeji. Kwa mkopo.